Hasara Humwangukia Nani? Mtumishi wa Serikali na Mfanyabiashara katika Historia ya Nyakabiga



Asubuhi ya siku ya kazi, katika barabara za Nyakabiga, mikondo miwili ya watu hupishana. Wa kwanza ni wa walimu, makarani, wauguzi na wahadhiri, waelekeao maofisini katikati ya mji au kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi, iliyo jirani na mtaa huu. Wa pili ni wa wenye maduka, mafundi, madereva na wachuuzi, waelekeao Bwiza, Buyenzi na masoko ya Ngagara. Jioni wote hurejea katika nyua zilezile, na si ajabu mtumishi wa serikali na mfanyabiashara kula sahani moja, kwa kuwa ni ndugu wa tumbo moja.

Hapo penye sahani ndipo huzuka ubishi wa siku nyingi. Mfanyabiashara humwambia nduguye kwamba mshahara ni kamba ya mbuzi: humwezesha kula majani ya karibu, lakini humnyima malisho ya mbali. Mtumishi naye hujibu kwamba biashara ni kucheza kamari na chakula cha watoto. Mmoja huitwa mwoga, mwingine huitwa mpenda bahati nasibu. Maneno hayo huzungumzwa kama mzaha, lakini uzito wake ni mkubwa, kwa maana kwa maneno hayohayo wazazi huwachagulia watoto njia ya maisha, na kwa maneno hayohayo ofisi na soko hutazamana kwa dharau.

Katika makala haya nakuomba tuuchunguze ubishi huo kwa taa ya historia. Nitajaribu kuonyesha kwamba swali la nani jasiri na nani mwoga si swali la kwanza. Swali la kwanza ni hili: mambo yakiharibika, hasara humwangukia nani? Hatari, ndugu msomaji, mara nyingi haiondoki, huhamishwa tu. Wakazi wanaoishi kando ya mto Ntahangwa wanalielewa jambo hili. Mto ule unakula kingo zake, na ukijengwa ukuta upande mmoja pekee, nguvu ya maji inaweza kwenda kumega upande wa pili.

Watafiti wamesema nini

Ubishi wetu si wa Bujumbura pekee. Mwaka 1981 wanauchumi wawili wa Marekani, Bellante na Link, waliuliza katika jarida la kitaaluma ikiwa wafanyakazi wa serikali huogopa hatari kuliko wa sekta binafsi, na jibu lao lilielekea kuwa ndiyo. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio la kupendeza. Watu waliojaza dodoso walipewa nafasi ya kuchagua zawadi moja kati ya tatu: hati ya kununulia bidhaa, tiketi ya bahati nasibu, au mchango kwa shirika la hisani. Wafanyakazi wa serikali walikuwa wachache zaidi katika kuchagua tiketi ya bahati nasibu.

Tusiharakishe kuhukumu. Matokeo hayo hayatuambii kama serikali humfanya mtu awe mwangalifu, au kama watu waangalifu ndio hujipeleka serikalini. Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 jambo lingine la msingi: kwa wanadamu wengi, uchungu wa kupoteza kiasi fulani huzidi furaha ya kupata kiasi hichohicho. Kwa hiyo mtu hupima hatua yake kwa kutazama kile alicho nacho tayari. Mwenye mshahara ana kitu cha kupoteza kila mwezi. Asiye nao huanza hesabu yake mahali pengine.

Na Burundi yenyewe imechunguzwa. Mwaka 2012 Maarten Voors na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika jamii za vijijini nchini humu. Walikuta kwamba watu walioguswa zaidi na machafuko ya vita walikuwa wakarimu zaidi kwa majirani, walithubutu zaidi katika michezo ya kujaribu bahati, na walipendelea kupata leo kuliko kungoja kesho. Twaweza kulielewa jambo hilo bila kuwa wataalamu. Aliyeona kesho ikinyang'anywa mbele ya macho yake hawezi kuiamini kesho kama yule ambaye haijawahi kumdanganya.

Hivyo basi, moyo wa kuthubutu na moyo wa tahadhari havishuki kutoka mbinguni. Vina historia, nasi tuitazame ya kwetu.

Kalamu na mizani

Wakati wa ukoloni wa Ubelgiji, mji huu ukiitwa Usumbura, njia ya kalamu na njia ya mizani hazikufunguliwa kwa watu wote sawasawa. Shule ya Astrida, katika nchi ambayo leo ni Rwanda, ilianzishwa mwaka 1929 na kuwaandaa makarani, wasaidizi wa waganga na mabwana shamba wa utawala. Waliofika huko walikuwa wachache, na wengi wao walitoka katika nyumba za machifu. Elimu kwa jumla ilikuwa mikononi mwa misheni za Kikristo. Waswahili wa Buyenzi, wengi wao wakiwa Waislamu, walikuta mlango huo umefungwa au umefunguliwa kidogo tu. Wakashika biashara, ufundi na udereva.

Angalia vizuri, msomaji wangu. Leo yuko anayesema kwamba watu wa Buyenzi wana biashara katika damu. Damu haina habari na jambo hilo. Walithubutu sokoni kwa sababu ofisini hapakuwa na kiti chao. Aliyefungiwa mlango akapita dirishani hawi jasiri kwa tabia, amelazimika.

Mwaka 1957 Louis Rwagasore, mwana wa Mwami Mwambutsa, alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi. Mwana wa mfalme angeweza kutosheka na cheo, lakini alikwenda kwa wenye maduka, na Waswahili wa Buyenzi wakawa miongoni mwa waliomuunga mkono mapema. Fikra ya ushirika ilikuwa wazi: mfanyabiashara mmoja akianguka peke yake huvunjika, bali wengi wakibeba mzigo pamoja, mmoja akijikwaa wenzake humshika. Ushirika ule ulielemewa na madeni, tena utawala wa kikoloni haukuupenda. Hata hivyo uhusiano uliojengwa humo ulibaki, ukawa sehemu ya nguvu ya chama cha UPRONA kilichoshinda uchaguzi wa Septemba 1961. Rwagasore aliuawa tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo, kabla ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962.

Kinga ilipogeuka anwani

Baada ya uhuru, kazi ya serikali ikawa ndoto ya kila mzazi, na haikuwa ndoto ya kipumbavu. Mshahara ulikuja kila mwezi, pensheni ilingoja mbele, na ofisi ilimpa mtu heshima. Lakini historia yetu ina somo chungu kuhusu usalama huo.

Tarehe 29 Aprili 1972 waasi walishambulia maeneo ya kusini mwa nchi na kuwaua watu wengi, hasa Watutsi. Ukandamizaji uliofuata uliwaandama Wahutu, hasa waliosoma: watumishi wa serikali, walimu, wanajeshi, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu. Watu walichukuliwa maofisini na madarasani, wasirudi. Kazi iliyokuwa kinga ikageuka anwani ya kumpatia mtu. Wako wazazi ambao baada ya hapo waliogopa kumpeleka mtoto shuleni, na wajukuu wao wakaja kuwacheka kwa kukosa maono. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kabla ya kumcheka mwenye kushtuka, muulize kwanza aliumwa lini.

Siku za mji mfu

Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, Bujumbura iligawanyika mtaa kwa mtaa kwa misingi ya kikabila, na Nyakabiga haikusalimika na mgawanyiko huo. Ndipo zilipokuja siku zilizoitwa kwa Kifaransa *ville morte*, yaani mji mfu. Waandaaji walitaka shughuli zote zisimame, na aliyetoka kwenda kazini alijihatarisha kwa mawe, vizuizi na maguruneti. Mgomo wa mwanzo wa mwaka 1995 ulikuwa na nguvu hata Waziri Mkuu Anatole Kanyenkiko akajiuzulu mwezi wa Februari.

Hebu tuchukue mfano wa kubuni wa ndugu wawili wa nyumba moja ya Nyakabiga, mkubwa akiwa karani wa wizara, mdogo akiwa na kibanda cha nguo. Asubuhi ya mji mfu, wote wawili wanasikia mlio uleule wa bunduki. Hatari barabarani ni moja. Tofauti iko katika gharama ya kubaki nyumbani. Karani akibaki, anaweza kutumaini mshahara wa mwisho wa mwezi. Mwenye kibanda akibaki, siku hiyo haimlipi chochote, na deni la mali aliyoikopa haliwi na likizo. Kibarua wa siku, ambaye hatukumtaja, akibaki anakosa chakula cha jioni ileile.

Sasa mdogo anatoka. Je, tuseme ni jasiri kuliko kakake? Mimi nasema kakake ana ukuta nyuma yake, naye mdogo ana shimo. Mwenye shimo nyuma husonga mbele hata anapotetemeka. Miaka 20 baadaye, kuanzia tarehe 26 Aprili 2015, vizuizi vilirudi barabarani Nyakabiga na katika mitaa kama Musaga na Cibitoke, na hesabu ileile ya asubuhi ikarudi katika nyumba zilezile.

Lakini tusidhani kwamba ukuta wa karani haubomoki. Pierre Buyoya alipotwaa madaraka tarehe 25 Julai 1996, nchi za jirani zilikutana Arusha tarehe 31 Julai na kuiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi, vilivyosimamishwa Januari 1999. Bidhaa ziliadimika, bei zikapanda. Mfanyabiashara aliyepata mali aliweza kupandisha bei pamoja na soko. Karani hakuwa na uwezo wa kuipandisha bei ya kazi yake. Kibanda huweza kuporomoka kwa siku moja na kila mtu akaona. Mshahara huliwa polepole, nao wahenga walisema bandu bandu huisha gogo.

Jumapili ya moto

Jumapili tarehe 27 Januari 2013, Soko Kuu la Bujumbura liliteketea. Moto ulianza asubuhi na kuwashinda wazimamoto wa mji, hata helikopta za Rwanda zikaja kusaidia. Maelfu ya wafanyabiashara walitegemea soko lile, na miongoni mwao walikuwamo watu wa Nyakabiga, Bwiza na Buyenzi. Wengi hawakuwa na bima. Wengi walikuwa na mikopo ya benki, na wako waliokuwa wameweka fedha taslimu palepale penye mali. Siku moja ilichukua bidhaa, akiba na dhamana kwa pamoja.

Hapa ndipo sifa ya ushujaa wa mfanyabiashara inapohitaji kusahihishwa. Kuacha kukata bima kulionekana kuwa ni kuthubutu, tena ni kuokoa fedha. Kumbe hatari ile haikuwa yake peke yake. Moto ulipowaka, hasara iligawanywa bila kuulizwa mtu: kwa mke aliyekuwa mdhamini wa mkopo, kwa mzazi aliyetoa shamba, kwa mtoto aliyeondolewa shuleni, kwa wanachama wa ikirimba waliongoja zamu yao ya kupokea, na mara nyingi kwa ndugu karani aliyefungua mkono wake mwembamba. Yule mwoga wa mezani ndiye aliyekuwa bima ya yule jasiri, ingawa hakuna aliyeandika mkataba.

Wenye vibanda hawakukata tamaa. Biashara ilihamia sehemu nyingine, hasa Ngagara, huku kiwanja cha soko kikibaki magofu kwa miaka mingi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ila mhunzi angefanya vyema kuwa na koleo la pili.

Siku kumi za noti

Mwaka 2023 ulituletea mitihani miwili. Mwezi wa Mei faranga ya Burundi ilishushwa thamani kwa kiasi kikubwa dhidi ya dola. Mwezi wa Juni, Benki Kuu ya nchi ilitangaza kwamba noti za faranga 5,000 na 10,000 za toleo la mwaka 2018 zingeondolewa katika mzunguko, na ikatoa siku 10 za kuzibadilisha.

Warudie ndugu zetu wawili. Karani, ambaye mshahara wake hupitia benki na huisha kabla ya mwezi kwisha, hakuwa na noti nyingi za kuhangaikia. Mdogo wake, aliyejifunza kutoiamini benki na kuweka akiba ndani ya nyumba, alishinda kwenye foleni. Mwezi wa Mei mambo yalikuwa kinyume: mwenye mali ghalani alipumua, na mwenye mshahara wa faranga akaamka maskini zaidi kuliko alivyolala. Katika miezi miwili, kila mmoja alionekana mwerevu mara moja na mpumbavu mara moja, wala hakuna aliyebadili tabia yake. Kilichobadilika ni kanuni.

Hilo ni somo la uraia. Mwananchi hupima hatari kwa kanuni azijuazo. Kanuni zikibadilika ghafla, hata mwenye hesabu nzuri huwa kama mcheza kamari. Serikali huweza kuwa na sababu nzito za kubadili kanuni. Lakini muda wa kutosha wa kujiandaa na maelezo yaliyo wazi huwa vina thamani kama fedha yenyewe.

Sahihi isiyotiwa

Limebaki jambo moja. Nimesema hatari huhamishwa. Mahali inapohamishwa kimyakimya zaidi ni kwenye meza ya ofisi.

Afisa anapewa faili la mtu aombaye kibali cha kujenga au cha kuingiza mali. Anajua kwamba akitia sahihi na jambo likaharibika, ataulizwa yeye. Asipotia sahihi, hakuna atakayemwuliza. Basi anasema, njoo wiki ijayo. Kwa macho yake amechagua njia salama. Lakini hatari haikuondoka mezani. Ilitoka mlangoni pamoja na mwombaji, aliyelipa kodi ya ghala tupu, riba ya mkopo na nauli ya kurudi. Tahadhari ya afisa ililipwa na mwananchi, na haikuandikwa katika kitabu chochote cha hesabu.

Simlaumu afisa peke yake. Ikiwa taratibu humwadhibu aliyetenda akakosea, na kumwacha aliyekaa bila kutenda, basi taratibu zenyewe zimefundisha uoga. Afisa mwema anahitaji ulinzi wa sheria anapofanya uamuzi wa haki kwa nia safi, na mwananchi anahitaji haki ya kujibiwa katika muda uliopangwa.

Upande wa pili pia una kazi yake. Taasisi ya hifadhi ya jamii, INSS, iliyoanzishwa mwaka 1962, iliwalenga hasa wafanyakazi wa kuajiriwa, na Mfuko wa afya wa watumishi wa umma ulianzishwa mwaka 1980. Mwenye kibanda, fundi wa Buyenzi na kibarua wa siku walibaki kwa kiasi kikubwa nje ya ua huo. Ikirimba, ushirika na bima ndogo ni njia za kuujenga ukuta wao kwa mikono yao. Rwagasore aliliona hitaji hilo mwaka 1957. Ushirika wake kushindwa na madeni hakumaanishi kwamba hitaji lilikuwa la uongo. Kunatufundisha kwamba ushirika unahitaji hesabu safi kama unavyohitaji moyo mkunjufu.

Msomaji wangu mpendwa, huenda wewe ni kijana uliyemaliza masomo Mutanga, na jioni hii nyumbani wanakusubiri uamue: mtihani wa kuingia serikalini, au duka la mjomba. Sitakuchagulia. Nakuomba tu, kabla ya kuamua na kabla ya kumwita nduguyo mwoga au mcheza kamari, ujiulize maswali matatu, nawe uyapeleke darasani au barazani mjadiliane.

La kwanza: mpango wangu ukivunjika, nani atalipa pamoja nami, na je, nimemwuliza? La pili: uangalifu wangu unanilinda mimi peke yangu, au unamhamishia mwingine mzigo? La tatu: ni kanuni gani katika mtaa wetu, katika soko letu na katika nchi yetu, ambazo zikirekebishwa zitamwezesha mtumishi kuamua bila hofu na mfanyabiashara kuthubutu bila kuangamia?

Mtaa wenye majibu ya maswali hayo hautaacha kubishana penye sahani. Lakini atakapoanguka mmoja, hawataanza kuulizana nani alikuwa mwerevu. Watajua tangu zamani nani anashika wapi.